Mabao Tuliyowapa Wageni

Mvua ya kwanza mwaka huu ilinikuta nimetoka kumwaga majivu nyuma ya jiko. Matone yakapiga lile lundo, vumbi likaruka kidogo, kisha harufu ikapanda. Wenzangu mliokulia kwenye mafiga mnaijua. Si ya moshi, si ya udongo, iko katikati, ina uchungu unaoshika kooni. Nikasimama palepale na ungo mkononi, nikinyeshewa kama mtu asiye na akili, mpaka mkwe wangu akaniita kutoka dirishani, "Mama, ingia ndani, utaugua!" Wakati huo sikuwa hapa Kibondo nilikoolewa. Nilikuwa kwetu Kasulu, mtoto wa miguu mitupu, nimebeba majivu kichwani nayapeleka uwanjani.

Nadhani na kelele za mwaka huu zilichangia. Tumepata timu mpya ya wachezaji wa kulipwa, imeingia ligi, na huu ndio msimu wake wa kwanza. Inafungwa. Kila ikicheza nyumba hii inakuwa kama ya msiba. Wajukuu wanatupa kofia chini, vijana wa bodaboda pale njia ya kwenda Nduta wanamtukana kipa tangu asubuhi, utadhani amewaibia mihogo. Mimi redio ikianza kutangaza mpira natoka nje. Wanasema bibi hapendi mpira. Waache waseme. Bibi aliumizwa na mpira kabla baba zao hawajazaliwa.

Nilipokuwa mtoto, ushirika wa wakulima wa kwetu ulianzisha timu. Mpira ulikuwapo, wa misheni na wa shule, lakini hii ilikuwa habari nyingine. Wachezaji waliandikwa kazi ghalani, kupakia na kushusha magunia ya kahawa, na kila mtu alijua kwamba mshahara ule ulikuwa wa mpira. Wazee walishangaa. Mwanaume mwenye ndevu analipwa kwa kukimbia! Timu ikawashinda wote wa pale karibu, ikapelekwa ligi ya kanda, ikakutane na watu wa Tabora, Shinyanga na Mwanza. Mji ukavimba kichwa. Bwana Rajabu, mwenye duka la vitambaa, ambaye wazazi wake walitoka Bagamoyo, alitoa jora zima la kijani zishonwe jezi. "Sasa na sisi ni watu," alisema, akipima kwa mkono wake na kukata bila kupunja, jambo ambalo mama zetu hawakuwahi kuliona likitendeka dukani mle.

Kipa wa timu alikuwa kaka yangu, Filimoni.

Kaka Filimoni alikuwa mrefu, mpole, na mikono yake ilikuwa mipana kama majembe. Akisalimiana na mtoto alichuchumaa kwanza ili macho yalingane. Alinuka kahawa na magunia, na jioni akirudi kutoka ghalani alinipandisha kwenye mpera nyuma ya jiko nimrushie mapera ajizoeze kudaka. "Kezia, rusha kwa nguvu, usinionee huruma." Pera lililomponyoka alilazimika kulila, liwe bichi, liwe na funza. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, na hakuna aliyemsimamia. Mimi nilikuwa juu, ningeona nini? Lakini nilimsikia akitafuna.

Sasa niwaeleze kwa nini timu ile ilikuwa kitu kikubwa nyumbani kwetu kuliko nyumba nyingine. Vijana wa Buha, nchi yetu sisi Waha, wakati ule waliondoka kwenda Tanga kukata mkonge. Wakala alikuja na lori baada ya mavuno, akawapeleka Kigoma kwenye treni, na huko walikokwenda waliitwa manamba. Baba alikwenda ujanani mwake, akarudi na jicho moja, lingine lilitobolewa na mwiba wa mkonge. Yeye ndiye aliyekuwa na bahati. Mjomba wangu, kaka yake Mama, alikwenda na hakurudi, na hata habari zake hazikurudi. Filimoni alikuwa ameshapeleka jina lake kwa wakala wakati ushirika ulipomwita golini. Mama alilia kwa furaha mpaka majirani wakaja kuuliza amefiwa na nani.

Kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa fupi, hata mimi mtoto niliielewa. Timu ikikaa kwenye ligi, Kaka anakaa nyumbani. Timu ikishuka, mwenyekiti wa ushirika ameshasema hadharani ataivunja na kazi za ghalani zitakwisha, na Kaka atapanda lori.

Nyumba yetu ilikuwa jirani na uwanja, ndiyo maana timu za wageni zilifikia kwetu. Walikuja na lori, wamechoka, vumbi limewageuza wekundu. Tuliwapokea kama tulivyofundishwa kumpokea mgeni yeyote. Maji ya moto ya kuoga. Sisi wasichana tulipiga magoti, tukapiga makofi polepole, tukasema "Mwakeye", tukawauliza habari za nyumbani, za safari, za watoto, za ng'ombe, hata kama wengine walitoka mjini na hawajawahi kushika mkia wa ng'ombe. Mama alipika ndizi na maharage kwenye chungu kikubwa, akamwagia mawese, na kando kulikuwa na ugali wa muhogo na nyama ya mbuzi. Kipande kizuri kilikwenda kwa mgeni. Sisi tulikula baadaye, kilichobaki. Na walipokuwa wakiondoka kulikuwa na impamba, chakula cha njiani, kimefungwa kwenye majani ya mgomba na kukazwa kwa kamba. Mama alisema kila mara, "Mtu hatoki kwangu mikono mitupu."

Mimi kazi yangu nyingine ilikuwa majivu. Uwanja haukuwa na chokaa. Asubuhi ya mechi, wasichana wa nyumba za karibu tulikusanya majivu ya mafiga, tukayachekecha mkaa utoke, tukayabeba kwenye nyungo. Mzee mmoja aliyamimina kwa kopo lililotobolewa, akirudi kinyumenyume na kamba, mpaka uwanja mzima ukawa na mistari. Ulipendeza. Nilijiona na mimi nimo kwenye timu.

Basi tukaanza kufungwa.

Tulifungwa na Shinyanga. Tulifungwa na Mwanza. Tulifungwa na timu ambazo Bwana Rajabu alisema ni za wagonjwa. Mwanzoni watu walisema ni ugeni wa ligi, vijana watazoea. Baadaye ustaarabu ukaisha. "Mikono hiyo imepakwa mawese!" walimpigia Kaka kelele. "Filimoni, hilo ni goli au mlango wa kanisa? Kila mtu anaingia!" Watu wa Makere walitoka kwao usiku kwa miguu waje kuona mechi, na mzee mmoja wao, aliyevaa koti zito hata jua likiwa kali, alisimama kila bao likiingia akauliza umati, "Nimeyaacha maharage yangu yaliwe na nyani ili nije nione hivi? Jamani? Hivi?" Na mechi iliyofuata alikuja tena. Wote walikuja tena. Hilo ndilo lililonishangaza, hasira yao iliwatoa nyumbani kuliko furaha ilivyowahi kuwatoa.

Baba naye alikuwemo. Alisimama nyuma ya goli na jicho lake moja, akamfokea mwanawe kuliko wote. "Toka! Toka golini! Usisubiri uletewe!" Nyumbani hakusema kitu. Alikula na Kaka sahani moja, kimya, kama watu waliokutana njiani.

Mimi sikuwa na hasira kwa sababu nilijua siri ambayo watu wazima, nilivyoona, walijifanya hawaijui. Nilijua kwamba mabao yale tulikuwa tunawapa. Fikirini kwa kichwa cha mtoto. Watu wanakuja kwetu, tunawapigia magoti, tunawapa maji, tunawapa nyama nzuri sisi tunakula mifupa, tunawafungia impamba. Halafu wanakwenda uwanjani palepale, siku ileile, na wanaondoka na mabao. Kingine kingekuwa nini? Bao lilikuwa mali ya mgeni. Na Kaka Filimoni, mtu mwenye adabu kuliko vijana wote wa Kasulu, ndiye aliyesimamishwa mlangoni kuyagawa. Timu yetu iliposafiri ikarudi imefungwa na huko pia, sikutikisika. Nilisema moyoni, kumbe watu wa huko hawana heshima kwa wageni.

Lakini msimu ulipofika mwishoni, na Mama akaanza kunyamaza jikoni, nikaona adabu hii imezidi. Siku moja kwenye mpera nikamuuliza, "Kaka, kwani ni lazima uwape?"

"Niwape nini?"

"Mabao."

Alicheka mpaka akaegemea shina. "Wakipiga vizuri, Kezia, nitawanyimaje?"

Mnaona? Alinithibitishia kwa kinywa chake.

Mechi ya mwisho ilikuwa na Tabora, nyumbani. Tukishinda tunabaki, tukitoka sare tunashuka. Lori la wakala lilikuwa limeshafika mjini, limeegeshwa karibu na soko, nyuma limefunikwa turubai. Mama alikwenda sokoni kwa njia ya kuzunguka ili asilipite.

Wageni walikuja wakakaa uani kwetu, wakala chakula cha Mama. Nahodha wao alikuwa mtu mzima, ana pengo mbele, mcheshi. Nilipopeleka maji ya kunawa, wengine wakiwa bado wanakula, nilipiga goti kama kawaida, nikasalimia, kisha nikabaki pale chini na birika. Akaniangalia. "Vipi, binti? Kuna neno?"

Nikasema, "Mmeshiba?"

"Tumeshiba sana. Mama yako ametutendea."

"Basi uwanjani msiombe tena. Mlichopewa kinatosha. Kaka yangu akiwapa na kingine atapelekwa Tanga."

Ua wote ulinigeukia. Kisha wachezaji wakacheka, mmoja akapaliwa na ndizi. Mama alinishika sikio akaniinua kwalo. "Mtoto huyu! Nisameheni, baba zangu, mtoto huyu ana mdomo." Lakini yule nahodha hakucheka na wenzake. Alimtazama Kaka aliyekuwa anapita na ndoo ya maji, akauliza taratibu, "Ni kweli? Ni kwenda mkonge?" Kaka akasema, "Mle, jamani, chakula kinapoa." Akaenda zake na ndoo.

Mechi ile naiona mpaka leo. Watu walijaa mpaka kwenye matawi ya mikaratusi. Kijana wetu wa pembeni, Mha wa Gwarama mwenye miguu ya matege, alifunga bao kabla ya mapumziko, la kwanza kutuweka mbele nyumbani tangu msimu uanze. Nilidhani watu wameingia wazimu. Mzee wa Makere alivua koti lake akalitupa hewani na halikurudi kwake. Bwana Rajabu alimkumbatia mwanamke muuza pombe, kisha akaomba radhi, kisha akamkumbatia tena. Baba alipiga teke nguzo ya goli akaumia kidole akawa anacheka. Mimi nikafikiri, ndiyo. Wamesikia. Wameshiba.

Mvua ilikuja kipindi cha pili, ile ya kwetu milimani ambayo haianzi kwa matone. Watu hawakuondoka. Walikata majani ya migomba wakajifunika, wakasogea mbele waone vizuri, wakasogea tena, mpaka mshika kibendera akamezwa na migomba. Majivu yetu yakaanza kutiririka. Niliyaona yakielea kwenye maji, kijivu, yakielekea mtaroni, na ile harufu ikapanda uwanja mzima. Mstari wa golini ukafutika. Zikabaki nguzo mbili na matope katikati. Nyavu hazikuwapo siku zile.

Karibu na mwisho, wageni walipiga mpira kutoka mbali. Ulikuwa mzito kwa maji, ukaja chini. Kaka alijitupa akaudaka. Niliona akiudaka, kila mtu aliona. Lakini matope yalimchukua, akateleza nao kinyumenyume, akaishia kifudifudi, mpira umefichwa kifuani kama mama aliyemwangukia mwanawe. Refa, mtu mfupi aliyeletwa kutoka Kigoma, alikuwa ameteleza mbali, anainuka akifuta macho.

"Goli!" wakapiga kelele wageni.

"Goli la nani? Amedaka!" wakajibu wetu.

Refa akaja mbio. Akatazama chini, hakuna mstari. Akamtafuta mshika kibendera, haonekani. Umati unanguruma. Akamuuliza nahodha wa Tabora, yule wa pengo, naye akasema, "Umeingia, lakini mimi nilikuwa mbali." Ndipo refa akafanya jambo ambalo sijasikia lifanyike tena. Alimgeukia Kaka aliyekuwa sasa amepiga magoti na mpira mikononi, akamuuliza, "Kipa. Wewe ulikuwa hapo. Umeingia au haukuingia?"

Baba alikuwa nyuma ya goli, karibu kuliko wote. Mimi nilikuwa nimeshika nguo yake. Kaka aliinua uso, matope yanamtiririka. Hakumtazama refa. Alimtazama Baba. Baba hakutikisa kichwa, jicho lile moja lilikuwa wazi tu, mvua inaingia.

"Umeingia, bwana refa," Kaka akasema.

Sitaandika waliyomwambia. Mnawajua watu. Waliorusha matope walirusha, waliorusha magunzi ya mahindi walirusha. Neno lililobaki mjini kwa muda mrefu lilikuwa la Bwana Rajabu, aliyekuwa analia waziwazi. "Kwani angenyamaza angekufa? Si angenyamaza tu?" Mzee wa Makere alikaa chini kwenye maji, hana koti, haulizi kitu. Filimbi ilipopigwa ilikuwa sare, tukawa tumeshuka. Baba aliondoka kwa njia ya migombani bila kumsubiri mtu.

Mimi nilijua kilichotokea. Wageni waliomba, Kaka akawapa.

Jioni Mama aliwafungia impamba. Alifunga kama siku zote, majani mawilimawili, kamba imekazwa. Nahodha alipokea kwa mikono miwili. Kisha akaenda kwa Kaka, aliyekuwa amekaa kwenye kinu kilicholazwa, akamshika mkono akakaa nao. "Ndugu yangu," akasema, "ningekuwa mimi, nisingesema."

"Najua," Kaka akajibu. "Safari njema."

Ushirika ukafanya ulivyoahidi. Kaka akarudisha jezi, Mama akiwa ameifua na kuipiga pasi ya mkaa. Sokoni watoto walimwimbia kwamba ni mgawa mabao, na watu wazima waliacha waimbe. Hakugombana na mtu. Akaenda kwa wakala.

Alfajiri ya kuondoka Baba alimwita ndani. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka, au walidhani nimelala. Miaka yote sikuwahi kumsikia Baba akizungumza habari za mkonge. Asubuhi ile alizungumza. Alimwambia mwiba wa mkonge haumfuati mtu, mtu ndiye anayeufuata. "Ukiinama, inama uso ukiwa pembeni. Usikate kwa hasira. Mwenye hasira anainama moja kwa moja." Alimshika kidevu akamgeuza uso, hivi, tena hivi, kama anamnyoa, mpaka akaridhika kwamba amejua kuinama.

Kisha wakakaa. Kisha Baba akauliza, "Ule mpira. Uliingia?"

"Uliingia, Baba."

"Sana, au kidogo?"

Kaka alifikiri. "Kidogo."

Baba alishusha pumzi. "Bora ungekuwa umeingia sana," akasema. "Ningelala."

Wakatoka. Baba alimbebea mzigo mpaka kwenye lori, mbele ya watu waliokuwa wanamzomea mwanawe, akautupa juu ya turubai, akasimama pale mpaka lori likaondoka. Kaka aliniambia nisimame kwenye jiwe ili aendelee kuniona. Nilisimama. Kona ya kwanza ilikuwa karibu mno.

Baada ya hapo nilikuwa mtoto mbaya kwa wageni. Nilipigwa mara nyingi kwa hilo. Sikupiga goti, nilimwaga maji ya kunawa, niliwatazama wakila. Mama alidhani nimeharibika. Hakujua kwamba kichwani mwangu tulikuwa tumewapa wageni ndizi, tukawapa nyama, tukawapa mabao, na mwisho tukawapa Kaka, na bado wanakuja wanauliza habari za ng'ombe.

Nilikuwa nimeshaolewa, nina watoto wangu wanaogombania mpira wa matambara hapa uani Kibondo, ndipo nilipoelewa. Walikuwa wanabishana, umeingia haukuingia, wamechota mchanga tayari kurushiana, na mdogo akasema umeingia, ingawa ulikuwa upande wake. Hapakuwa na mgeni pale. Nikaacha kupepeta. Nikasema, ah. Kumbe hakuwapa. Kumbe aliulizwa, akajibu.

Kuelewa hakukunisaidia kitu. Mimi ni mtu wa kusema kweli, watoto wangu na wakwe zangu wanaweza kuwaambia, nimewachapa wengi kwa uongo mdogo kuliko ule. Lakini ningerudishwa pale nyuma ya goli, mvua inanyesha, Kaka anainua uso, ningepiga kelele kuliko uwanja wote: sema haukuingia. Umeingia kidogo tu. Sema haukuingia, twende nyumbani.

Hakurudi. Hakupotea kama mjomba, Mungu alitupunguzia. Alikata mkonge, akaoa huko Muheza, akatuma kanga kwa watu waliopita. Baba alizikwa hayupo, Mama alizikwa hayupo, nauli na umbali, na baadaye nadhani ni yale mazoea ya kutokuwepo. Simu zilipokuja tulizungumza. Sauti ilikuwa ya mzee wa pwani, laini, inasema "alhamdulillahi" hali sisi ni watu wa misheni. Kiha kilikuwa kimemwishia, alikitafuta neno kwa neno. Nilikata simu nikiwa na hamu zaidi kuliko kabla sijaipiga. Kisha na yeye akafa, na mimi miguu hii haikunifikisha.

Siku chache baada ya ile mvua ya mwaka huu nilimpigia mwanawe mkubwa. Hatujawahi kuonana. Nikamuuliza kama alijua baba yake alikuwa kipa.

"Baba? Mpira?" akacheka. "Shangazi, umekosea mtu. Baba mpira ukianza redioni alikuwa anatoka nje."

Nikakaa kwanza. Nikamweleza yote, timu, mvua, refa, swali, jibu. Sikuficha kwamba alifungwa sana. Nilipomaliza nikadhani salio limeisha.

"Halo?"

"Nipo, Shangazi." Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Sikujua. Sisi tulimkuta ameshakuwa vile."

"Na mimi nilimwacha hapo kwenye lori," nikamwambia. "Sijui alivyozeeka. Hebu niambie wewe. Alikuwa anacheka?"

"Alikuwa anacheka sana. Jioni alicheza drafti na wazee wenzake pale barazani. Akishinda alikaa kimya, anawaonea aibu. Akifungwa, Shangazi, alicheka mpaka akaegemea ukuta."

Nikamwambia aendelee.